Bi Harusi Amalize Fildi Yake Kwanza

 

Leo hatuzungumzii mishono wala rangi za sare. Tunazungumzia tarehe. Sisi tunaoshona nguo za harusi hapa Mwera (Mwera ya Pangani, mkoani Tanga, si ile ya Unguja) tarehe ya harusi tunaijua mapema kuliko hata baadhi ya wajomba. Mama anakuja na kitambaa, anatoa arubuni, anataja siku. Na miaka hii ya karibuni tumezoea kusikia maneno yanayofanana: "Yuko chuo, lakini wakati huo hana masomo, yuko fildi tu."

Hilo neno "tu" ndilo lililotufanya tuandike.

Tunaelewa linakotoka. Vyuo vikifunga kwa likizo ndefu, ndipo pia ndugu wa Unguja, Pemba, Maskati na Dubai wanapopata nafasi ya kuja. Familia inataka wote wawepo. Ukumbi unapatikana, shangazi yupo, bwana harusi amepata ruhusa kazini. Binti yuko fildi, na fildi haina mtihani, kwa hiyo anaonekana yuko huru. Anaitwa nyumbani wiki ya tatu, anaingizwa ndani kwa singo na liwa, na zile wiki zilizobaki zinapotea hivyo hivyo.

Msimamo wetu ni huu: fildi si likizo. Kwa binti anayesomea kutengeneza programu za kompyuta na simu, hiyo ndiyo sehemu ya masomo ambayo hawezi kuifidia kwa kuazima daftari la mwenzake. Harusi ipangwe kabla yake au baada yake. Na kama tarehe zimeshagongana, isogee harusi.

Tunasema hivi sisi ambao kipato chetu kinatokana na harusi. Kwa hiyo msituone kama watu wanaopinga ndoa.

Fildi ni kitu gani hasa

Kwa wale ambao hawajapata mtoto wa chuo nyumbani: fildi ni mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anatoka darasani na kwenda kukaa kwenye ofisi au karakana ya kazi anayoisomea, kwa wiki nane, kumi au zaidi, kutegemea chuo na ngazi ya masomo. Anakuwa na daftari la kazi. Kila siku anaandika alichofanya, msimamizi wa ofisini anatia saini, na mwalimu wa chuo hupita kumkagua. Mwisho anaandika ripoti, na alama zake zinaingia kwenye matokeo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), wote wanawapeleka wanafunzi wao kwenye mafunzo haya. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nayo ina fungu la mafunzo kwa vitendo katika mikopo yake, maana Serikali inahesabu kuwa hayo ni masomo.

Jambo hili si letu peke yetu. Nigeria wana mpango wa taifa wa kuwapeleka wanafunzi makazini tangu mwaka 1973, na ulianzishwa kwa sababu waajiri walilalamika kwamba wahitimu wanajua nadharia lakini kazi hawaijui.

Sisi watu wa cherehani hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Nani aliyejifunza kushona kwa kutazama picha? Mwalimu anaweza kukuchorea ubaoni namna ya kukata bega na kwapa, ukanakili, ukafaulu. Siku unapokabidhiwa kitambaa cha mteja, cha bei ghali, kipande kimoja tu na hakuna kingine dukani, ndipo unapojua kama ulifundishwa au ulisomeshwa. Kazi ya programu ni hivyo hivyo. Darasani mwanafunzi anaandika msimbo, yaani ile lugha ya kuiamrisha kompyuta, na mwalimu anasahihisha. Kazini kuna mtu anayesubiri kuutumia, na biashara yake imesimama.

Anajifunza kusikiliza

Kuna binti wa hapa kwetu, hatutamtaja jina, aliyekwenda fildi Dar es Salaam kwenye kampuni ndogo inayotengeneza mifumo ya maduka na saluni. Alikaa wiki kumi. Aliporudi tulimwuliza, kama wanavyouliza watu wote, "Umejifunza nini?" Tulitegemea atutajie majina ya lugha za kompyuta. Akatujibu, "Nimejifunza kumwuliza mteja."

Akatueleza kisa cha saa. Kampuni ilikuwa imetengeneza mfumo wa kupangia miadi ya saluni. Mteja anafungua kwenye simu, anachagua siku, anaandika saa anayotaka kuja. Wateja wakawa wanaandika 4, wakimaanisha saa nne asubuhi, kama tunavyosema sote. Mfumo ukasoma saa nne ya kizungu, yaani saa kumi alfajiri! Dada wa saluni akaona kitabu chake kimejaa wateja wa usiku wa manane, akauacha mfumo na kurudi kwenye daftari. Wenye kampuni walidhani dada huyo hajui kutumia simu. Yule mwanafunzi alitumwa kwenda kukaa naye saluni kutwa nzima, na ni yeye aliyegundua kwamba mwenye kosa si dada wa saluni.

Akatupa na kisa cha jina. Fomu ya kusajili wateja ilikuwa inamlazimisha mwanamke aliyeolewa kujaza jina la mume kama jina lake la mwisho. Asipojaza, haendelei mbele. Sisi Waislamu tunajua mwanamke akiolewa anabaki na jina la baba yake. Wateja wa Kiislamu wakawa wanaandika chochote ili wapite. Mmoja aliandika "hapana". Mfumo ukamsajili kwa jina la Bi Hapana.

Tulicheka sana. Lakini jiulizeni: mambo hayo mawili yangegunduliwa na nani kama pale ofisini hapangekuwa na binti wa Kiswahili, wa Kiislamu, wa pwani, aliyekaa wiki kumi bila kukatizwa? Wiki tatu za mwanzo, kwa maelezo yake, alikuwa anasoma tu kazi za wengine na kujaribu kuzielewa. Saluni alitumwa wiki ya sita. Angeitwa nyumbani wiki ya tatu, angeondoka akiwa bado hajashika kitu.

Na hili la kukaa na watumiaji si jambo dogo la saluni. Hapo Zanzibar mnao mfano ambao dunia imeusoma. Mwaka 2005 ilianza kazi ya kuweka programu ya DHIS kwa ajili ya taarifa za vituo vya afya. Ni programu iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kuendelezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, wakishirikiana na nchi nyingi. Shida ya awali haikuwa kompyuta. Kila mradi wa afya ulikuwa na fomu zake, mambo yaleyale yakijazwa mara mbili na tatu, na muuguzi aliyejaza hakuona faida yake. Kilichosaidia ni kukaa pamoja. Kila baada ya miezi mitatu wahudumu wa wilaya waliitwa kwenye warsha, wakaziwasilisha takwimu zao wenyewe mbele ya wenzao, wakaulizana maswali, makosa yakaonekana, na fomu zenyewe zikarekebishwa. Habari za warsha hizo za Zanzibar ziliandikwa kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 ili wengine wajifunze.

Mfano mwingine mnao mkobani. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia watu kulipa marejesho ya mikopo midogo. Watu walipopewa, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiijaribu waliliona hilo, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kilichonadiwa kilikuwa kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Waliotengeneza hawakuyajua hayo wakiwa mezani. Waliyajua walipowatazama watu wakitumia. Hiyo ndiyo elimu ya fildi, na haipo kwenye kitabu.

Anajifunza kupiga bandi

Fundi mzuri hashoni moja kwa moja. Anapiga bandi kwanza, anamvalisha mteja, anatazama bega, anatazama kiuno, ndipo anapitisha cherehani. Kufumua bandi ni dakika tano. Kufumua mshono wa mashine kwenye satini ni kuacha matundu ambayo hayafutiki.

Yule binti alituambia kwamba hata wao wana bandi yao. Hakuna kazi inayokwenda kwa mteja kabla ya kujaribiwa. Kwanza anajaribu aliyeiandika, kisha anajaribu mwenzake, maana jicho la aliyeandika limeshazoea na halioni kosa. Wanatumia programu iitwayo Git, ambayo inatunza kila hatua ya kazi pamoja na jina la aliyeifanya, ili ikiharibika waweze kurudi pale ilipokuwa nzima. Mtu hawezi kuharibu kisha akakana.

Anajifunza pia kukosolewa. Nyumbani tunawalea mabinti wawe na adabu, na adabu ni jambo jema, lakini wengine wanadhani kukosolewa ni kutukanwa. Kwenye kazi hii msimbo wako unasomwa na wenzako kila siku, na unaambiwa, "Hapa sivyo, rudia." Siku za mwanzo, alituambia, alikuwa anakwenda chooni kulia. Baada ya mwezi akawa anasema, "Nionyeshe wapi," na kurudia kazi. Hebu fikirieni, mama zetu, ni faida kiasi gani kwa binti kuingia kwenye ndoa akiwa anaweza kusikia neno la kukosolewa bila kununa, na kulisema bila kutukana.

Na anajifunza kusema "sijui" kwa wakati. Fundi anayejua kwamba hawezi kushona koti la bwana harusi, akanyamaza, akasema ukweli siku mbili kabla ya nikaha, huyo anamwangusha mteja. Mwanafunzi wa programu anafundishwa kusema leo, si siku ya kukabidhi.

Anajifunza amana

Hapa ndipo tunapotaka dada zetu wa blogu hii watusikilize zaidi, kwa sababu linawagusa maharusi moja kwa moja.

Fundi wa nguo za wanawake anajua siri nyingi. Anajua kipimo cha kiuno cha bi harusi, anajua nani kanenepa, nani ana mimba ambayo haijatangazwa, nani ameazima kitambaa. Fundi mwenye dini haondoki na hayo kwenda barazani. Sasa mwenye mfumo wa kompyuta anajua zaidi. Anaona namba za simu za wateja, madeni yao, miadi yao ya kliniki. Kwenye studio ya picha anaweza kuona picha za maharusi wakiwa bila buibui, zilizopigwa chumbani kwa wanawake watupu. Zote hizo ziko ndani ya kompyuta, na mwenye kuifungua ni yule mwandishi wa programu.

Kwa Mwislamu hilo ni suala la amana. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, tumeamrishwa kuzirudisha amana kwa wenyewe. Taarifa ya mtu ni amana. Sheria ya nchi nayo imelifikia jambo hili: ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini sheria hufika baada ya picha kusambaa. Kinachozuia picha isisambae ni tabia ya aliyekabidhiwa.

Tabia hiyo inajengwa kazini. Yule binti alituambia kwamba siku ya kwanza kupewa ruhusa ya kuingia kwenye taarifa za wateja, msimamizi wake alimwambia jambo moja tu: usifungue ambacho kazi yako haikuhitaji ufungue. Akaona jina la mtu anayemfahamu humo ndani. Hakufungua. Alisema siku ile ndiyo aliyojiona amekuwa mtu mzima.

Dada zetu, tunalalamika kila siku kwamba picha za harusi zinavuja. Tunataka mitandao yenye sitara, programu zinazoheshimu faragha ya mwanamke. Nani atazitengeneza, kama kila binti wa Kiislamu anayesomea kazi hiyo tunamtoa njiani wiki ya tatu?

Muhuri wa kuombewa

Sasa tuseme lile linalosemwa kwa sauti ya chini. Binti akishatolewa fildi, daftari lake halijajaa. Familia inatafuta njia. Kuna mjomba ana ofisi, kuna rafiki wa bwana harusi ana duka la kompyuta. Daftari linajazwa usiku mmoja kwa kalamu mbili tofauti ili lionekane la siku nyingi, saini zinatiwa, muhuri unagongwa. Wote wanacheka, "Mambo yamekwisha."

Hayajakwisha. Kwanza, huo ni uongo wa maandishi. Tunamwingiza binti kwenye ndoa, nusu ya dini, kwa mlango wa ushahidi wa uongo, kisha tunasoma maulidi na kuomba baraka. Aliyetia saini ameshuhudia asichokiona. Sura nzima ya Al-Mutaffifin imeanza kwa kuwaonya wanaopunguza vipimo. Aliyefanya kazi wiki tatu akaandikiwa kumi naye amepunja kipimo.

Pili, anayedhurika ni yeye mwenyewe. Cheti atapata, inshaallah. Siku akienda kuomba kazi ataambiwa, "Tuonyeshe ulichotengeneza." Kwenye kazi ya programu hilo ndilo swali, na muhuri wa mjomba haulijibu. Tunamjua binti aliyefikia hapo. Ana cheti kizuri, amekaa nyumbani, na mumewe, ambaye si mtu mbaya, amekwisha anza kusema kwamba masomo yale yalikuwa ya bure. Inauma kusikia, kwa sababu binti huyo ana akili, na kilichomkosesha ni wiki saba tu.

Tunayoambiwa, na majibu yetu

Tunaambiwa: mbona atasomeshwa na mumewe baadaye? Huenda. Wako waume wema wengi. Lakini nafasi ya fildi haikai kabatini. Ofisi ilimpokea kwa miezi ile. Mwaka unaofuata wamepokea wengine. Na mwaka unaofuata binti anaweza kuwa na mimba, au mtoto wa miezi miwili, au mume amehamishiwa Mtwara. Ndoa ikichelewa wiki saba haipungui chochote.

Tunaambiwa: Dar es Salaam ni mbali, ofisi zimejaa wanaume, tunamhofia. Hofu hii ni ya haki na hatuicheki. Kutoka huku Mwera hadi Tanga mjini tu, mto wa Pangani uuvuke, kisha kuna kilomita kama 50. Dar ni safari nyingine. Na visa vya wasichana kusumbuliwa vipo. Lakini dawa ya hofu ni kumwekea utaratibu. Akae kwa jamaa anayeaminika. Baba au kaka afike ile ofisi, aione, amsalimie msimamizi. Aulizwe wanatoka saa ngapi, kuna mahali pa kuswali, kuna wanawake wengine, kazi inafanyiwa ukumbi wa wazi au chumba cha kujifungia. Isiwe faragha ya mwanamke na mwanamume asiye maharimu wake. Binti aambiwe wazi kwamba akisumbuliwa apige simu siku hiyohiyo, na kwamba hatalaumiwa. Ofisi isiyokubali kuulizwa maswali hayo, asiende. Zipo nyingine.

Tunaambiwa: kazi na ndoa havichanganyiki. Basi tusome kisa cha Nabii Musa, alayhis salaam, katika Surat Al-Qasas. Kwenye kisima cha Madyan aliwakuta mabinti wawili waliotoka kunywesha mifugo kwa sababu baba yao alikuwa mzee sana, nao wakijitenga pembeni mpaka wachungaji waondoke. Mmoja wao ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri Musa, akataja nguvu zake na uaminifu wake. Na yule mzee akamwoza Musa mmoja wa mabinti kwa sharti la kumfanyia kazi miaka minane, na akitaka, kumi. Ndoa na mkataba wa kazi vilikaa kwenye mazungumzo mamoja, mbele ya baba, kwa maneno ya wazi. Na muda ulitimizwa. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba alitimiza ule mrefu. Hakuna aliyemwambia Musa, "Wewe ni mkwe sasa, tutakuandikia umemaliza."

Tunaambiwa mwisho: ukumbi umeshalipiwa. Hapo tunanyamaza kidogo, kwa sababu pesa ni pesa. Lakini mengi kati ya malipo hayo yanaongeleka. Wenye kumbi wengi watakubali kubadilisha tarehe wakiarifiwa mapema. Mpishi hajanunua mchele. Na gauni, dada zetu, gauni halina haraka. Sisi tumelitundika gauni la binti mmoja wiki tano, limefunikwa shuka jeupe, akimalizia fildi yake Tanga. Alipokuja tulilipunguza kiuno kidogo tu, maana daladala za mjini zilikuwa zimemkondesha!

Basi tufanye nini

Bi harusi, wewe ndiye wa kwanza. Usingoje mama aje dukani kutoa arubuni. Siku ya posa tu, waambie wazee tarehe zako za chuo: fildi inaanza lini, inaisha lini, ripoti inawasilishwa lini. Ziandike kwenye karatasi uwape, maana mazungumzo ya sebuleni husahaulika. Kama bado utakuwa unasoma baada ya nikaha, lizungumzeni hilo kabla ya akdi, na umwulize sheikh au kadhi wenu namna bora ya kuliweka kama sharti. Mwanamume anayekutaka kwa heri hatakasirika kuulizwa mapema.

Na ukiwa fildi, fanya kazi kweli. Tunajua wapo wanaokwenda kupiga picha na kompyuta ya ofisi kisha wanashinda kwenye simu. Familia ikikubali kusogeza harusi kwa ajili yako, hiyo nayo ni amana. Andika daftari lako kila siku kwa mkono wako. Uliza. Omba kupelekwa kwa wateja. Uondoke na kitu kimoja ulichokitengeneza mwenyewe, hata kikiwa kidogo, ambacho unaweza kumfungulia mtu akakiona.

Mama zetu na mashangazi, makungwi wa nyumba: mnamfunda mwari namna ya kukaa na mume, na hayo tunayaheshimu. Ongezeni na hili, kwamba kazi aliyoianza aimalize. Mwanamke anayemaliza alichoanza ni nguzo ya nyumba.

Bwana harusi, kama dada au mchumba anakusomea maandishi haya: wewe ndiye mwenye neno jepesi kuliko wote. Ukisema, "Tusubiri amalize," wazee wengi watakubali, na mkeo hatalisahau neno hilo.

Na sisi wanawake wenye biashara, hatuwezi kulaumu familia tu huku milango yetu imefungwa. Mabinti wanakwenda mbali kwa sababu karibu hakuna wa kuwapokea. Si lazima uwe na kampuni ya kompyuta. Wenye maduka ya vitambaa, saluni za maharusi, wapishi wa shughuli, wauza ubani na udi kwa mtandao, wote tuna madaftari yaliyochanika, madeni tusiyokumbuka, wateja tunaowapoteza. Mkubalieni mwanafunzi mmoja, pamoja na kampuni inayomsimamia, aje kujifunzia kwenye shida yenu. Mpeni nauli na chakula cha mchana, mpeni pembe ya kuswali, mjibuni maswali yake bila kuchoka. Atatoka na ujuzi, nanyi mtabaki na kitu kinachoelewa kwamba saa nne ni saa nne yetu.

Dada zetu, nguo ya harusi huvaliwa siku moja, kisha hukunjwa. Tunaishona kwa mapenzi na tutaendelea kuishona. Lakini tungependa kila anayevaa nguo yetu aingie nyumbani kwake akiwa na daftari la kazi lililojaa kwa haki, na saini ambazo hakuna aliyeombewa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi mabinti wote walioko masomoni na fildi, awahifadhi safarini na makazini, awape waume wema wenye subira, na azitie baraka ndoa zenu. Amin.

Wabillahi tawfiq.